Simu za Intaneti Nyumbani: Laini Kadhaa kwa Muunganisho Mmoja Liparamba

Katika kata ya Liparamba, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, namba ya simu ya familia kwa kawaida hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri kwenda Mbinga au Mbamba Bay, mteja wa duka, mnunuzi wa mazao na ndugu mwenye taarifa ya msiba wote humpata yeye njiani, na si walioko nyumbani. Simu ya intaneti huifanya namba iwe mali ya nyumba, na muunganisho mmoja unaweza kubeba laini kadhaa: ya sebuleni, ya dukani na ya vyumba vya wageni.

Katika huduma hii sauti hugeuzwa kuwa vipande vidogo vya data na kusafirishwa kama data nyingine yoyote. Kuita, kupokea na kukata simu huongozwa na itifaki ya SIP, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 2002. Kwa kuwa itifaki hiyo ni ya wazi, simu ya kampuni moja huweza kuzungumza na swichibodi ya kampuni nyingine.

Msingi wa yote ni mawimbi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zifike vijijini ambako biashara pekee isingezivuta. Mikataba iliyosainiwa Dodoma Mei 2023 ilihusu minara 758 katika kata 713. Hata hivyo, mnara kuwapo haitoshi. Vilima huzuia mawimbi, na nyumba iliyo bondeni inaweza kukosa kile ambacho jirani wa juu anakipata. Ruta yenye antena ya nje, iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara, mara nyingi huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kifurushi.

Wengi huuliza kasi ya kupakua, ilhali mazungumzo ya simu huhitaji pia kupakia, na huko ndiko muunganisho wa kijijini hulemewa kwanza. Simu moja inayotumia kodeki ya G.711 huchukua takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Watu watatu wakizungumza kwa wakati mmoja huhitaji kama kilobiti 260 kwenda na nyingine 260 kurudi. Kwa kifurushi cha data, hiyo ni karibu megabaiti 1.3 kwa dakika kwa kila simu, au megabaiti 78 kwa saa. Kodeki ya G.729 hupunguza matumizi hadi takriban nusu megabaiti kwa dakika, kwa sauti iliyofifia kidogo lakini inayoeleweka. Kwa anayelipia kila megabaiti, hilo ni badilishano la busara.

Ucheleweshaji nao una uzito wake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Setilaiti iliyo kwenye obiti ya kilomita 35,786 hutumia karibu milisekunde 240 kwa safari ya kupanda na kushuka tu, ndiyo maana wazungumzaji hukatizana. Kwa mtandao wa simu za mkononi, kipimo cha kuaminika ni kile kinachofanywa jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni, wala si asubuhi ya siku ya kazi.

Vifaa ni vichache. Simu ya mezani ya zamani huunganishwa kwa adapta ya simu, na adapta nyingi huwa na matundu mawili, yaani laini mbili. Simu janja iliyopo nyumbani huweza kuwa laini ya tatu kupitia programu. Swali kubwa ni swichibodi ikae wapi. Watoa huduma wengi huiweka kwenye kompyuta zao za mbali, na hilo ni rahisi kulisimamia. Lakini intaneti ikikatika, hata simu kutoka dukani kwenda sebuleni hunyamaza. Swichibodi ndogo iliyo ndani ya nyumba, kwa mfano inayoendeshwa na programu huria ya Asterisk, huacha namba za ndani zifanye kazi bila intaneti na bila gharama ya dakika. Kwa mazingira ya Liparamba, hiyo ya pili inafaa zaidi.

Kutoa huduma ya mawasiliano kwa umma huhitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Mwaka 2010. Kwa hiyo namba ya kupokea simu za nje ipatikane kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Laini iliyo ndani ya ruta nayo isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa kama laini nyingine. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza: wahalifu hutafuta swichibodi zilizoachwa wazi, huzitumia usiku kupiga namba ghali za nje ya nchi, na deni hubaki kwa mwenye nyumba. Asiye na ndugu ughaibuni afunge kabisa simu za kimataifa.

Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018, lakini kukatika bado kupo, na simu ya intaneti hufa pamoja na ruta. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 huhifadhi wati-saa 84. Ruta na adapta zinazotumia wati 15 huimaliza kwa saa tano na nusu kwa hesabu ya karatasi, na mapema zaidi betri ikichakaa. Kwa sababu hiyo, simu moja ya kawaida ya mkononi, iliyochajiwa na yenye salio, ibaki nyumbani kwa ajili ya namba ya dharura 112 na kwa usiku ambao mjamzito anahitaji usafiri.