Istilahi za karata

Istilahi za karata ni maneno yanayotumiwa na wachezaji wa karata. Katika Kiswahili, mengi ya msingi yana asili ya Kireno, kumbukumbu ya mabaharia na askari waliokaa pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16 na 17: karata, turufu, ree (karata ya A), na aina nne za karata, yaani kopa, uru, pau na shupaza.

Karata za picha huitwa mizungu, na hapa ndipo pana hazina ya kweli. Mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na bibi mzungu wa pili. Namba hizo zinalingana na pointi za karata hizo katika sueca, mchezo wa Kireno ambamo ghulamu humzidi bibi. Katika mchezo huo ree huwa na pointi 11, saba 10, na jumla ya pointi zote ni 120.

Istilahi hizi zinautosha hata mchezo wa briji. Wanne hukaa wawili kwa wawili na kugawana karata 52, kila mmoja 13. Kabla ya kucheza hunadi turufu: pau ni ya chini, kisha uru, kopa na shupaza, juu kabisa ni kucheza bila turufu. Hesabu ya mnada huanzia juu ya mizunguko 6, hivyo anayetangaza “kopa nne” ameahidi, pamoja na mwenzake, kula mizunguko 10. Asiye na karata ya aina iliyoongoza anaweza kukata kwa turufu. Hata turufu ya mbili humshinda ree wa aina nyingine.