Auto Si Gari ya Wavivu: P-R-N-D Ina Historia Nzito

Mnajua ule utani wa wasee wa gari za klachi: "Auto? Hiyo si kuendesha, hiyo ni kubebwa." Sawa, tucheke. Lakini panda gari yoyote ya auto yenye mkono wa gia, iwe Vitz iliyotumika Japani ikashukia Mombasa ama Benzi ya mheshimiwa, utakuta herufi zimepangwa vile vile: P, R, N, D. Ushawahi kujiuliza ni nani aliamua N ikae kati ya R na D?

Turudi Marekani, 1939. General Motors walitangaza Hydra-Matic, gia ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ndani ya magari ya Oldsmobile ya 1940. Pedeli ya klachi ikaenda. Vita ya Pili ya Dunia ilipochacha, gia hiyo hiyo ikawekwa hadi kwa vifaru vya jeshi la Marekani. Nenda uwaambie wale wanajeshi auto ni ya wavivu.

Shida ilikuwa mpangilio. Hydra-Matic za mwanzo zilienda hivi: N, D, L, R. P haikuwepo; ukipaki unazima injini, unaweka R. Na L, ile gia ya nguvu ya milima, ilikuwa jirani kabisa na R. Ukikwama kwa matope hiyo ilikuwa raha: mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi unatoka. Lakini mkono ukiteleza nafasi moja tu, gari uliyodhani inaenda mbele inarudi nyuma. Na huko nyuma pengine kuna mtoto.

Mbaya zaidi, kila kampuni ilijipangia yake. Buick ya 1948 ilikuwa P, N, D, L, R. Ford wakaenda na P, R, N, D, L. Chrysler nao 1956 wakaleta vitufe vya kubonyeza. Ukiazima gari ya jirani, mkono wako mwenyewe unakudanganya.

Kampuni zilizoea kumlaumu dereva. Mwaka wa 1965 wakili kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu Unsafe at Any Speed, akasema hapana, muundo wa gari wenyewe unaumiza watu, na mpangilio wa gia ni mfano mmoja. Kelele ikawa kubwa. Kuanzia 1968 sheria ya Marekani ikadai N ikae kati ya gia za mbele na rivasi, na injini isiwake gari ikiwa kwa gia. Kwa ufupi, N ni ukuta.

Miaka ya 1980 likaja sakata la Audi 5000, gari zilizodaiwa kuruka zenyewe. Uchunguzi ukaonyesha mara nyingi dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Ndiyo maana leo gari haitoki P hadi ukanyage breki.

Sasa tujiangalie. Kuna msee anatoka R kuingia D gari ikiwa bado inarudi nyuma. Huyo anaruka ukuta. Simama kabisa kwanza. Kuna mwingine anateremka mlima akiwa N, eti anaokoa mafuta. Buda, umetupa breki ya injini, breki za magurudumu zinabaki kuchemka peke yake. Na gari za kisasa ukiteremka kwa D bila kukanyaga mafuta, injini hupunguza sana mafuta yenyewe, hivyo hujaokoa kitu. Mteremko mkali weka L. Na ukipaki kwa mlima, vuta hendibreki kabla ya P, maana P inashikiliwa na kipande kidogo tu cha chuma ndani ya gia.

Auto ilitutolea klachi, haikututolea akili. Hizo herufi zilipangwa baada ya watu kuumia. Ziheshimu.