Evelyn Preer
Evelyn Preer (1896–1932) alikuwa mwigizaji Mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi. Aliingia kwenye filamu mwaka 1919 kupitia The Homesteader ya Oscar Micheaux, mtengenezaji filamu Mweusi aliyefanya kazi nje ya kampuni kubwa za Hollywood. Filamu hiyo, kwa bahati mbaya, imepotea. Kipaji cha Preer kinashuhudiwa vema katika Within Our Gates (1920), filamu bubu ambamo anaigiza Sylvia Landry, mwalimu anayekwenda kaskazini kutafuta fedha za kuinusuru shule ya watoto Weusi. Hofu, haya na ushupavu vyote husomeka usoni pake. Nakala ya filamu hii ilipatikana Hispania. Jukwaani aling'ara na kundi la Lafayette Players. Alifariki kwa nimonia Los Angeles, akiwa na miaka 36.