Kikaragosi na Mzigo Wake

Miaka ile ya kesi za viongozi wa Kenya katika mahakama ya Hague, gazeti la kinyozi wetu hapa Huruma lilinifikia likiwa limechanika pembe, ila katuni ya mchoraji Gado ilikuwa nzima. Uhuru Kenyatta, mmoja wa washtakiwa, amefungwa mnyororo mguuni, na mwisho wa mnyororo kuna tufe la chuma. Jina halikuandikwa popote. "Amechomwa!" akasema kijana aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa haijanyolewa.

Waitaliano waliuita mchoro wa aina hiyo caricatura, kutokana na caricare, yaani kupakia mzigo. Fikiria mkokoteni wa Juja Road uliorundikwa mitungi hadi hamali haonekani. Mwishoni mwa karne ya 16, Annibale Carracci na wenzake wa Bologna walifanya mchezo huo: pua ya mtu inapakiwa, inapakiwa tena, na bado mwenyewe anatambulika. Kutambulika huko ndiko kugumu. Kuchora pua kubwa hata mtoto anaweza. Kufikia zama za James Gillray, aliyefariki 1815, wanasiasa wa Uingereza walichorwa kwenye mabamba ya shaba, wakachapwa, wakapakwa rangi kwa mkono na kuanikwa dirishani mwa duka la Hannah Humphrey jijini London. Asiye na pesa alisimama nje akacheka bure.

Sisi tunasema "katuni", neno pana mno. Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo ni katuni, lakini hapakuwa na Juha wa nyama na damu wa kumlinganisha naye. "Kibonzo" kina upana uleule. "Tashtiti" ni kejeli yenyewe, na yaweza kuishi kwa maneno matupu bila uso wa mtu.

Ninalolitetea ni "kikaragosi". Chimbuko lake ni Karagöz, mwanasesere wa kivuli wa Waturuki, na Kiswahili kimelipa maana mbili: mwanasesere, na picha ya mtu ya kuchekesha. Najua pingamizi: kwenye siasa msomaji atadhani ni kibaraka anayechezeshwa na wengine. Adhani tu! Gado mwenyewe alipoanzisha XYZ Show mwaka 2009, akiwaigiza wakubwa kwa wanasesere wa mpira, maana zote mbili zilikaa kiti kimoja.

Kinyozi, ambaye istilahi hazimhusu, aliikata ile katuni kwa mkasi wake wa kazi akaibandika kando ya kioo, chini ya picha za mitindo ya nywele.