Njia ya Basi la Kitui

Watu wa Ukambani walikuwa wasafiri kabla gari la kwanza halijaonekana katika nchi yao. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mwaka 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanya biashara ambaye jina lake lilijulikana hadi pwani. Hapana mtu aliyewachorea watu hao njia juu ya karatasi. Njia ilifuata maji, soko na usalama; kisima kikikauka, njia ilihama.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 haikuwa na desturi hiyo. Yenyewe ilitafuta mwinuko ambao gari la moshi laweza kuupanda na umbali mfupi wa kufika Ziwa Victoria. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mji wa Kitui ukabaki mbali upande wa mashariki. Hata Machakos, ambako Waingereza walikuwa wamejenga boma lao tangu mwaka 1889, iliachwa kando, na mwaka ule ule wa 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Kwa hiyo mstari mmoja wa ramani ulifanya bonde la majimaji kuwa mji mkuu, na nchi iliyokuwa ikipeleka misafara ikawa nchi ya kupeleka vibarua.

Yafaa tusilifikirie jambo hili kana kwamba watu walikwenda Nairobi kwa kupenda taa za mji. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa ikipatikana mahali pa kazi ya mshahara. Tena mvua za Kitui ni haba na hazina ahadi. Njaa kubwa za Ukambani zina majina yake, na ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa hali nimeshika: fedha iko mkononi, chakula hakipo dukani. Jina hilo latuambia mengi. Latuambia kwamba kufikia wakati huo fedha ya mshahara ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mashambani, na fedha hiyo ilikuja kwa njia ya barabara. Basi lililoondoka Kitui na wanaume, vikapu na magunia lilikuwa likirudi na sukari, nguo, karo za shule, na barua.

Sasa na tuingie Nairobi pamoja na abiria huyo.

Mji ulipata mabasi yake ya kwanza yenye njia maalum mwaka 1934, wakati kampuni ya London iitwayo Overseas Motor Transport ilipoleta magari 13 ya kuhudumia njia 12. Huo ndio mwanzo wa Kenya Bus Service. Gari moja kwa kila njia, na moja la akiba. Msomaji aweza kukisia mwenyewe abiria aliyechelewa kidogo alingoja muda gani. Kisha, mwaka 1948, ukatolewa mpango mkuu wa mji, kazi ya Thornton White na wenzake wawili, uliokusudiwa kuiendeleza Nairobi, iliyokwisha kuwa mji mkuu wa koloni. Katika mpango huo viwanda viliwekwa kusini mwa reli, na nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika ziliendelea kujengwa mashariki: Kaloleni, Makongeni, Bahati, Shauri Moyo na mitaa mingine. Kwa mtu anayetazama ramani tu, hayo ni majirani, maana kiwanda na nyumba vimetenganishwa na reli na umbali usio mkubwa. Lakini mabasi yalikwenda katikati ya mji. Barabara kubwa zote zilielekea huko kama vijiti vya gurudumu vinavyokutana kwenye kitovu, na aliyetaka kutoka kijiti kimoja hadi cha pili ilimpasa kwanza aingie kitovuni, ashuke, alipe nauli ya pili, ndipo aelekee kiwandani. Wengi waliona ni heri kutembea. Mpaka katika karne hii yetu, wachunguzi wa safari za Nairobi wamekuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya safari zote za mji hufanywa kwa miguu.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Huko Nantes, katika Ufaransa, mwaka 1826, bwana mmoja aitwaye Stanislas Baudry alikuwa na kinu cha mvuke pembezoni mwa mji. Maji ya moto yaliyobaki aliyatumia kwa nyumba ya kuogea, naye akaweka gari la farasi ili kuwaleta wateja kutoka katikati ya mji. Gari lilijaa, bali nyumba ya kuogea haikujaa. Abiria walikuwa wakishuka njiani, kila mmoja karibu na shughuli yake. Baudry hakukasirika, aliacha habari ya kuogesha watu akashika kazi ya kuwachukua, na kazi yake hiyo huhesabiwa miongoni mwa mianzo ya basi la mjini. Alikuwa mtu mwenye akili. Wengi waliomfuata katika kazi ya kuchora njia, hasa walioajiriwa na serikali, wameona abiria wakishuka mahali pasipopangwa, nao wakatunga sheria ya kuwazuia.

Abiria wetu wa Kitui amekwisha safiri kilomita zipatazo 170. Mabasi ya Ukambani kwa miaka mingi yamekuwa yakifikia stendi kubwa iliyo kando ya Barabara ya Landhies, ambayo watu huiita Machakos Country Bus, na kwa mzaha Machakos Airport. Karibu yake ni Muthurwa, palipokuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, na ng'ambo ya reli ndiko viwandani. Mahali penyewe, kwa kweli, si pabaya. Mgeni aliyekuja kutafuta kazi aliweza kushuka pale na mzigo wake, akavuka reli, akasimama mbele ya lango la kiwanda bila ya kulipa senti nyingine. Ndiyo maana kila mara wakuu wa mji wanapotaka kuhamisha stendi za magari ya mashambani na kuzipeleka nje ya mji ili kupunguza msongamano, kelele hutokea. Wenye mabasi hulia kwa ajili ya biashara yao, nayo ni haki yao. Lakini hesabu ya abiria ni kubwa kuliko yao, nayo haiandikwi.

Na tuiandike hapa. Tuseme stendi imesogezwa mahali ambapo mfanyakazi anaongezewa mwendo wa dakika 15 kwa miguu kila aendapo, na dakika 15 kila arudipo. Nusu saa kwa siku. Kwa wiki ya siku 6 za kazi ni saa 3. Kwa mwaka wa wiki 50 za kazi ni saa 150. Hizo ni siku za kazi zaidi ya 18, kila siku saa 8, ambazo amelipa yeye wala hakupewa risiti. Mhandisi aliyesogeza alama ya kalamu juu ya ramani kwa upana wa kidole hakuona kwamba ametoza kodi.

Yako mambo mengine ambayo mpangaji wa stendi hana budi kuyapima, na la kwanza ni muda wa gari kusimama. Hapa historia yetu ina sura ya pekee. Mwaka 1966 Baraza la Mji wa Nairobi lilipata robo ya hisa za kampuni ya mabasi, na kampuni ikapewa haki ya kuhudumu mjini peke yake. Lakini mji ulikua kuliko mabasi. Magari madogo yasiyo na kibali yalikuwa yakichukua watu kwa senti 30, yaani vipande vitatu vya senti 10, na kutokana na hivyo vitatu likatoka jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri ya kuyaruhusu. Watu wa mitaa ya mbali wakapata usafiri ambao kampuni haikuweza kuwapa. Hilo lazima lisemwe kwanza, kwa sababu wasomi wengi wakiandika juu ya matatu huanza na kelele za muziki.

Hata hivyo matatu ilileta kanuni mpya: gari haliondoki kwa saa, bali huondoka likijaa. Tazama kanuni hiyo inavyobadili ukubwa wa stendi. Basi linalosimama dakika 5 na kuondoka linaacha nafasi, na nafasi hiyo moja yaweza kupokea mabasi 12 kwa saa moja. Gari linalongoja dakika 40 mpaka lijae linaizuia nafasi ile ile, hata kwa saa 2 haipokei ila magari 3. Basi stendi inayotosha mji wenye ratiba itatosha sehemu ya nane tu ya kazi hiyo hiyo katika mji wa kungoja abiria. Wakati mwingine hulaumiwa upungufu wa ardhi, na makamba ya kufungia barabara hununuliwa, na askari huletwa, hali kumbe kinachopungua ni ratiba.

Jambo la pili ni idadi ya magari. Njia ambayo kwenda na kurudi huchukua dakika 60, ikitakiwa kuwa na gari kila baada ya dakika 10, yahitaji magari 6. Ukiipindisha ili ipite stendi mpya, na mpindo ukaongeza dakika 20, itahitaji magari 8. Magari mawili yale hayatoki mbinguni. Ama nauli itapanda, ama njia nyingine itanyang'anywa magari, ama abiria watangoja zaidi. Viwandani hesabu hii ni ngumu zaidi, kwa kuwa watu hawatoki wachache wachache. Zamu ikiisha, malango kadhaa hufunguliwa kwa wakati mmoja, na watu wakajaa barabarani kama maji ya mto wa msimu, na baada ya saa moja pakawa pakavu. Stendi iliyopimwa kwa wastani wa siku nzima itafurika jioni na kulala usingizi mchana.

Katika miaka ya karibu, mifano imezidi. Mwezi wa Novemba 2012 ilifunguliwa stesheni ya Syokimau kwa ajili ya gari la moshi la watu wa kazi, na stesheni za Makadara na Imara Daima ziko katika njia hiyo hiyo, ubavuni mwa viwanda. Huo ulikuwa mpango mwema, maana ulitumia chuma kilichokwisha lazwa. Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ikaanza kuchukua abiria, lakini stesheni yake kuu iliwekwa nje ya mji, hata msafiri aliyefika kwa haraka kutoka pwani alilazimika kutafuta gari la pili kabla hajafika mjini. Na mwaka 2018 mstari mwekundu ulipakwa katika Barabara Kuu ya Thika kuwatengea njia mabasi ya kasi. Rangi ilikuwepo, mabasi hayakuwepo. Nimewahi kusikia watu wakicheka habari ya mstari ule, nami sioni kicheko. Aliyeupaka alianza mwisho wa kazi, kama fundi anayepaka chokaa ukuta ambao bado haujajengwa.

Mambo haya yote yasingewahusu sana vijana wanaosoma Kitui na Makueni leo, kama Nairobi ingebaki mahali pa pekee pa kwenda. Lakini sivyo. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti zimekuwa na mashauri yake. Kitui ilijenga kiwanda cha nguo huko Syongila, karibu na mji wa Kitui, na mwaka 2020 kikajulikana nchini kote kwa kushona barakoa za kujikinga na korona. Washonaji wa mahali kama hapo hawatoki mtaa mmoja. Wanatoka vijijini, na barabara zinazoungana mjini Kitui hazipiti zote mbele ya lango la kiwanda. Suala la kitovu na vijiti vya gurudumu limekwisha fika Ukambani.

Kubwa zaidi ni barabara ya lami kutoka Kitui kupita Ikanga, Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Hapo zamani, mtu wa Kitui aliyekwenda Mombasa kwa basi alipanda kwanza kuelekea Machakos, kisha akaiteremkia barabara kuu ya pwani, kama mtu azungukaye nyumba kutafuta mlango uliokuwa nyuma yake. Barabara mpya imeurudisha mlango mahali pake. Kibwezi, ambayo reli ya kwanza iliipita kabla ya kufika Nairobi, sasa ni mahali ambapo Kitui inakutana na barabara ya Mombasa.

Siku itakayoamuliwa kujenga stendi kubwa ya kubadilishia magari pale, suala la zamani litaulizwa tena. Stesheni ya reli ya kale, stesheni ya reli mpya, soko, na njia panda ya barabara kuu haziko mahali pamoja. Kila moja ina wenye maduka yake watakaosema kwamba ndiyo penye kufaa, na penye ardhi ya serikali ndipo patakapoonekana rahisi. Wakati huo huo magari ya Mutomo yatakuwa yakiwashusha watu kandokando ya barabara, hapa wawili, pale watano, na mama mmoja akiomba asogezwe mbele kidogo, hata pale kwenye mti. Kijana mwenye daftari na saa, akikaa pale asubuhi tatu na jioni tatu akiandika wanaposhuka na wanakoelekea, atakuwa na ramani ambayo bado haijachorwa katika ofisi yoyote.