Maikrofaiba: Laini kwa Maana Ipi?

Kijana anayeosha magari kando ya barabara huwa na vitambaa vya daraja tofauti. Kuna fulana kuukuu iliyokatwa vipande, hiyo ni ya matairi. Kuna sponji la povu. Halafu kuna taulo ndogo ya njano au ya buluu, ambayo siku ya kwanza ilikuwa inanata kwenye kiganja kikavu kana kwamba imejaa ndoana zisizoonekana. Baada ya wiki chache taulo ileile imekakamaa kama dagaa walioanikwa, na maji inayasukuma huku na huku badala ya kuyanywa. Ukimuuliza inaitwaje, atakwambia maikrofaiba. Ukimuuliza imeharibikaje, atakwambia ni feki.

Huenda ni feki kweli. Lakini mara nyingi mkosaji ni ndoo ya kufulia, na nyuma ya ndoo hiyo kuna neno ambalo Kiswahili kimelipokea likiwa limefungwa, kama mzigo uliotoka bandarini bila kukaguliwa.

Ukilifungua utakuta vipande viwili: mikros ya Kigiriki, yaani -dogo, na fibra ya Kilatini, yaani uzi. Tafsiri inayokuja haraka ni “nyuzi ndogo”, na tafsiri hiyo inapotosha. Udogo unaozungumziwa hapa si wa urefu. Kiwandani, poliesta iliyoyeyushwa husukumwa kupitia vitundu vya bamba la chuma, ikatoka kama tambi kwenye mashine yake, na uzi mmoja unaweza kwenda kilomita kadhaa bila kukatika. Kitu chenye urefu wa kutoka Kariakoo hadi Ubungo hakiitwi kidogo. Ni chembamba. Tena “maikro” hii haina ile maana ya vipimo, sehemu moja ya milioni, tunayoikuta kwenye maikromita. Ni kivumishi tu cha kibiashara kilichovaa koti la kisayansi.

Wembamba wa namna hiyo haupimiki kwa rula. Wafanyabiashara wa hariri walilitatua jambo hilo zamani kwa akili ya sokoni: usipime unene, pima uzito. Chukua mita 9,000 za uzi, uziweke kwenye mizani. Gramu utakazopata ndizo denia zake. Uzi mmoja wa nondo wa hariri una takriban denia 1, na hapo ndipo mpaka ulipowekwa: uzi ulio chini ya denia 1 ndio maikrofaiba. Anayevaa soksi ndefu za nailoni amekwisha kukutana na kipimo hicho kwenye pakiti, 15 au 20 au 40. Neno lenyewe lilikuwa jina la sarafu ya kale ya Kifaransa, iliyotokana na denarius ya Warumi. Denarius hiyohiyo ilipita kwa Waarabu ikawa dinar, ikashuka pwani ikawa dinari. Denia na dinari ni ndugu waliopotezana njiani, na Mswahili anayelishangaa la kwanza amekuwa akilitumia la pili miaka yote.

Kwa vipimo vya kawaida, uzi wa poliesta wa denia 1 una unene wa maikromita 10 hivi. Unywele wa mtu huwa kati ya 50 na 100. Singa ya mkonge inayotoka kwenye mashamba ya Tanga hupita hata hapo. Neno singa lingestahili kufikiriwa kwa istilahi hii, maana tangu awali lina sifa ya kunyooka na kuteleza, kama katika nywele za singa. Bahati mbaya mkonge umelishika, na anayesikia singa leo huona kamba na magunia.

Uzi mwembamba kupita hariri ulipatikana Japani. Mwaka 1970 Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alifanikiwa kuunda nyuzi hizo kwa kuzizalisha zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki nyingine, kama visiwa baharini, kisha bahari ikayeyushwa visiwa vikabaki. Hakuwa akifikiria kufuta magari. Matokeo yake yalikuwa Ultrasuede, kitambaa kinachoiga ngozi laini ya kushonea makoti. Taulo hutumia mbinu nyingine: plastiki mbili, poliesta na poliamaidi, husukumwa pamoja zikatoka katika uzi mmoja ambao ukiukata na kuutazama kwa hadubini unafanana na chungwa lililokatwa katikati. Kisha uzi hupasuliwa, kwa mfano kwa maji yenye kasi kubwa, kila kipande cha chungwa kikajitenga na mwenzake. Ndiyo maana lebo husema 80 kwa 20, au 70 kwa 30. Vipande hivyo vina kona kali badala ya kuwa mviringo, na kona ndizo zinazokamata vumbi. Nafasi zilizo katikati yake ndizo zinazonyonya maji, kwani poliesta yenyewe hainywi: hewani hubeba unyevu wa asilimia 0.4 tu ya uzito wake, pamba ikibeba karibu asilimia 8.

Kwa hiyo uhai wa taulo hii uko kwenye nafasi tupu. Ziba nafasi, umeiua.

Hapa Kiswahili kina neno lililokaa mahali pake kwa uzuri wa ajabu, na kwa hatari yake: laini. Unga laini ni uliosagwa hadi chembe zake zikawa ndogo. Kitambaa laini ni kisichokwaruza. Maji laini, katika vitabu vya sayansi vya shule, ni yale yasiyo na chokaa nyingi, yanayotoa povu mara moja. (Laini ya simu tuiache, hiyo imeingia kwa mlango mwingine.) Anayeita maikrofaiba “nyuzi laini” anasema kweli kwa maana ya unga. Msikilizaji hufahamu kwa maana ya kitambaa. Taulo ikianza kukakamaa mkononi, mwenye nayo huona imepungukiwa na ulaini, na dukani kuna chupa yenye jina linalomwita: kilainishi cha nguo.

Kilainishi hufanya kazi kwa kuupaka uzi utando wa mafuta unaoung'ang'ania usitoke. Shuka la pamba litateleza na kunukia. Katika taulo ya maikrofaiba utando huo huingia kwenye zile nafasi na kuzifunika zile kona. Ulaini wa kitambaa unaongezwa, ulaini wa unga unazikwa, na taulo inayobembeleza shavu haikaushi hata kioo cha pembeni. Sidhani kama kuna lugha nyingi ambazo kosa la kufua linaweza kuelezwa kwa kuzigombanisha maana mbili za neno moja.

Maana ya tatu nayo ina neno. Maji ya visima vya pwani, yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, ni magumu. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu iliyomo hutoa, badala ya povu, utandu mweupe usioyeyuka, uleule unaoganda kwenye ukingo wa beseni. Utandu huo ukinaswa na nyuzi hautoki kwa kusuuzwa mara moja. Anayefua kwa maji hayo ni afadhali atumie sabuni ya maji au ya unga, ambayo haigombani sana na chokaa, tena kidogo kuliko anavyodhani. Asuuze mara mbili au tatu. Na katika maji ya kabla ya mwisho atie siki nyeupe, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 10. Asichanganye siki na jiki hata kwa majaribio, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jiki kwa vyovyote haina kazi kwenye nyuzi hizi.

Kitenzi chenyewe kinafaa kutazamwa. Kufua kuna kishindo ndani yake: mfua chuma hugonga, mfua nazi hukita kwenye kifuo, na nguo za zamani zilipigwa juu ya jiwe. Taulo hii haihitaji kishindo. Ilowekwe kwa dakika kumi na tano, ifikichwe polepole, ikamuliwe kwa kubanwa na si kunyongwa. Isiwekwe beseni moja na taulo za pamba, kwa kuwa pamba hutoa manyoya, na ile kona iliyoundwa kukamata vumbi haichagui.

Kuhusu joto, lugha inatuchezea tena. Nyuzi hizi zifuliwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, na mgeni wa Kiswahili angedhani amesoma vibaya. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi joto 260, lakini huanza kulegea mapema sana, karibu na 70, na uzi mwembamba hivyo ukilegea hujikunja, na ukipoa hubaki hivyo. Maji yaliyochemka yanatosha. Pasi inazidi. Hapo ndipo tofauti kati ya ugumu wa uchafu na ugumu wa joto inapoonekana: taulo iliyozibwa na sabuni au nta hurudi baada ya kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na siki, ile iliyoungua hairudi.

Ushauri wa pamba nao usihamishwe huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao walieleza mwaka 2020 kwamba taulo ya pamba iliyoanikwa hukakamaa kwa sababu maji machache yanayobaki juu ya nyuzi huzigandisha pamoja kama gundi. Poliesta haiyashiki maji namna hiyo, kwa hiyo haihitaji mashine ya kukaushia ili ilainike. Kuikung'uta kabla ya kuianika, kivulini penye upepo na mbali na vumbi la barabarani, kunatosha. Jua kali si adui wa siku moja, ila poliamaidi huchoka nalo kadiri miezi inavyokwenda.

Basi iitweje? “Faiba” peke yake haifai: Nairobi ni intaneti ya nyumbani, na kwa mvuvi ni boti. “Nyuzinyuzi” zimekwisha kwenda jikoni, ziko kwenye maharage na dona. Wapo wanaolipenda ufumwele, neno zuri linalohitaji kuelezwa kama lile la kigeni. Mwandishi wa makala hii angeiacha maikrofaiba kama jina la bidhaa, na kwenye maelezo ya matumizi angeandika “nyuzi nyembamba zilizopasuliwa”. Ni maneno matatu, lakini kila moja lina kazi: mtu akijua uzi umepasuliwa, ataelewa kwa nini usipakwe mafuta.

Faida nyingine ya kuiacha ni kwamba Kiingereza hulitumia neno hilohilo kwa vipande vya nyuzi vinavyodondoka nguo zinapofuliwa na kuishia mitoni na baharini. Hivyo ni vifupi kweli, na Kiswahili kina ki- na vi- za kuvitaja: vijinyuzi. Taulo ni ya maikrofaiba; inachokiacha kwenye maji ya kufulia ni vijinyuzi, na maji ya baridi na kufikicha kidogo huvipunguza.

Taulo iliyoungua haina dawa, lakini haitupwi siku hiyo. Inashushwa daraja, kutoka kwenye kioo hadi kwenye rimu, kutoka rimu hadi kwenye injini, na ikishagusa grisi haifuliwi tena ndoo moja na zile zinazopanda kwenye boneti.