Utayarishaji wa sampuli katika spektroskopia ya leza

Utayarishaji wa sampuli ni kazi yote inayofanyiwa tishu au damu kabla ya kumulikwa kwa leza. Katika mbinu ya Raman, yenye jina la C. V. Raman, mwanafizikia wa India aliyegundua mwaka 1928 mtawanyo wa mwanga ambao mbinu hiyo huutegemea, mwanga unaobeba habari za molekuli ni hafifu mno, hivyo kasoro ndogo ya maandalizi yaweza kuufunika.

Formalini, kemikali ya kuhifadhia tishu, huunganisha protini na kubadili umbo lake. Nta ya parafini, inayohifadhi vipande vya tishu katika maabara za patholojia, huacha vilele kwenye spektra karibu na 1063, 1296 na 1441 sm⁻¹; hicho cha mwisho huangukia palepale penye alama ya mafuta na protini za mwili. Kuiosha kwa kiyeyushi cha zailini hakuiondoi yote, tena huchukua na mafuta ya tishu yenyewe. Tishu iliyogandishwa ni aminifu zaidi, ila hudai friza isiyozimika, sharti zito kwa maabara nyingi za Afrika Mashariki.

Kioo cha kawaida cha slaidi inayobeba sampuli nacho hung'aa kinapomulikwa kwa leza. Ili kuepuka hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipaka slaidi rangi yenye chembe za madini ya fedha, kisha wakaweka damu juu yake. Kazi yao kuhusu kisukari cha aina ya 2 ilichapishwa katika jarida la PLOS ONE mwaka 2017. Slaidi hiyo ni ubunifu wa kusifiwa, kwani ni wa gharama nafuu. Hata hivyo, tone la damu likikauka protini hujikusanya pembezoni, na mahali leza inapolengwa hubadilisha kipimo.